Mgeni wa Jumapili ya Pili

Katika makanisa mengi mgeni hupokewa vizuri sana Jumapili ya kwanza, na ya pili hakuna anayemkumbuka. Siku ya kwanza hupewa mkono mlangoni, jina lake huandikwa katika kitabu cha wageni, na wakati wa matangazo huombwa asimame ili washarika wampigie makofi. Akirudi juma linalofuata hahesabiwi tena kuwa mgeni, wala bado si mwenyeji, hivyo huketi peke yake mwisho wa benchi akijiuliza kama kweli kuna aliyefurahi kumwona. Nimehudumu mlangoni muda wa kutosha kuliona jambo hili likijirudia, na nimefikia kuamini kwamba kushuhudia imani na kukaribisha wageni ni kazi moja, ambayo sisi tumeigawa vipande viwili na kukabidhi kila kipande kwa kamati yake.

Wanafunzi wa kwanza hawakuigawa. Katika Yohana sura ya 1, Andrea anamtafuta kwanza ndugu yake Simoni, anamwambia kwamba wamemwona Masihi, kisha anampeleka mwenyewe kwa Yesu. Filipo naye anamwendea Nathanaeli, ambaye anajibu kwa kuudharau mji wa Nazareti. Filipo angeweza kumkatalia, lakini hakubishana. Alimwambia aje aone. Katika habari zote mbili, aliyetoa habari njema ndiye aliyeandamana na mwenzake mpaka mahali penyewe.

Habari ninayoirudia mara nyingi zaidi ni ile ya Matendo sura ya 8, inayomhusu Filipo mwingine, yule mwinjilisti aliyekuwa mmoja wa wale saba waliochaguliwa kuhudumu katika kanisa la Yerusalemu. Anakutana na ofisa Mwethiopia, mwenye kusimamia hazina ya malkia, akirudi kutoka Yerusalemu huku akisoma kitabu cha Isaya garini mwake. Filipo anaanza kwa swali: je, unayaelewa unayoyasoma? Anangoja akaribishwe kupanda, anaketi naye, na mafundisho yake yanaanzia kwenye andiko lile lile ambalo yule mtu alikuwa nalo mkononi. Nadhani wengi wetu tungepanda na hotuba iliyokwisha kuandaliwa, tukaimaliza, na tukashuka bila kujua abiria alikuwa anasoma nini. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza 3:15, anawataka waamini wawe tayari kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lililo ndani yao, tena kwa upole. (Wapo wanaolitumia andiko hilo kama ruhusa ya kunyamaza maisha yote kwa madai kwamba hawajaulizwa, hao nina shaka nao.)

Lakini mtu ambaye kila kanisa linamhitaji ni Barnaba. Sauli, ndiye Paulo, alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wakamwogopa kwa sababu hawakuamini kwamba naye ni mwanafunzi. Hofu yao ilikuwa na msingi, maana huyu ndiye aliyekuwa akiwatesa. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri kwa ujasiri huko Dameski. Kwa maneno mengine, alimdhamini kwa heshima yake mwenyewe. Tena hakuishia hapo: baadaye alisafiri hadi Tarso kumtafuta, akamleta Antiokia, na kwa mwaka mzima wakafundisha pamoja katika kanisa la mji ule. Huo ndio ukaribishaji unaovuka Jumapili ya kwanza, na hauwezi kufanywa na kitabu cha wageni.

Ibadani kazi ya Barnaba huonekana katika mambo madogo. Kiongozi anataja namba ya wimbo. Mgeni hajui ni ya kitabu kipi, anafunua kurasa kwa haraka, na kabla hajaupata watu wamekwisha kuingia ubeti wa pili. Jirani anayempa kitabu chake kikiwa wazi, huku kidole kikionyesha mstari unaoimbwa, amemsaidia kuliko makofi yote ya wakati wa matangazo. Kuhusu kumsimamisha mgeni mbele ya watu, mimi ningeiacha desturi hiyo. Wapo wanaoifurahia, lakini aliyekuja na msiba moyoni, au aliyekaa miaka mingi bila kukanyaga kanisani, mara nyingi hataki kutazamwa. Zaidi ya hilo kuna suala la viti. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, aliwakemea waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwambia maskini asimame au aketi chini. Sisi hatusemi hivyo, ila tunasema, "Samahani, hapo pana mwenyewe," na mgeni anainuka mbele ya macho ya watu.

Baada ya baraka ndipo hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa sisi tunaofahamiana husimama kwa duara tukizungumza mambo ya kwaya na vikao, migongo ikiwa imeelekea nje. Dakika hizo za mwanzo zingetengwa kwa ajili ya wale tusiowajua, na vikao vikasubiri. Mazungumzo yenyewe yasiwe ya kumhoji mtu kama ameokoka, ameoa au anafanya kazi wapi. Ikiwa ni mshirika wa kanisa lingine, apokewe kwa furaha bila kushawishiwa ahame. Paulo mwenyewe, katika Warumi 15:20, anasema hakutaka kujenga juu ya msingi wa mtu mwingine. Na ikiwa ana mawazo yanayohitaji kunyoshwa, tukumbuke kwamba Priskila na mumewe Akila, walipomsikia mhubiri Apolo akifundisha katika sinagogi, walimchukua kwao ndipo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Ningependa basi tukubaliane kwamba kila anayemwalika mtu kanisani ndiye atakayeketi naye, hata kama siku hiyo ingempasa kuacha kiti chake alichokizoea. Akiwa mwanakwaya au mhudumu wa mlangoni, amkabidhi mgeni wake kwa mshirika mmoja anayemjua kwa jina, si kwa kamati, na Jumapili ya pili mshirika huyo awahi kufika ili amsubiri.