Jumamosi moja Wigan, kati ya sahani za soul

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Sijainjika hata maji ya chai, simu ina habari tatu. Klabu moja ya wafanyakazi hapa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, imesogeza mbele dansi lake kwa sababu sakafu inatengenezwa. Jamaa mmoja anaitafuta sahani ya muziki, yaani santuri, aliyoiuza mwaka 1978 ili apate pesa za kuolea. Na mzee mwingine ametangulia mbele ya haki. Taarifa za misiba siku hizi hazikauki, maana aliyekuwa kijana wa miaka kumi na minane mwaka 1974 sasa ana miaka sabini hivi.

Kwa asiyeujua muziki huu: Northern Soul ni soul ya Weusi wa Marekani, hasa ya katikati ya miaka ya 1960, yenye mwendo wa kasi na sauti za kulia kwa mapenzi. Iliimbwa na watu waliorekodi na kampuni ndogo za Detroit, Chicago na Los Angeles, kampuni zilizoiona Motown, kampuni kubwa ya sahani ya Detroit, inavyofanikiwa zikataka kupita njia hiyo hiyo. Nyingi zilikwama. Sahani zikalala maghalani. Walioziamsha ni vijana wa viwanda na migodi wa kaskazini mwa Uingereza, ambao Jumatatu hadi Ijumaa walikuwa mali ya tajiri na Jumamosi usiku walikuwa mali yao wenyewe. Jina alilitoa Dave Godin, mwenye duka la sahani la Soul City huko London. Aliona mashabiki wa mpira wanaotoka kaskazini kufuata timu zao wakiingia dukani hawataki mtindo mpya wa funk. Wanataka mapigo yale ya zamani. Mwaka 1970 akaliandika jina hilo katika gazeti la Blues & Soul, likashika.

Mimi ni mtoto wa Ilala, Dar es Salaam. Naishi Bolton na nauza sahani za mtumba Wigan.

Saa mbili asubuhi

Treni. Nimesimama njia nzima.

Saa tatu asubuhi

Kazi ya kwanza dukani ni kuosha. Sahani za wiki hii zimekaa stoo za watu miaka mingi, zimeshika vumbi na moshi wa sigara. Maji yaliyochujwa, tone la sabuni, brashi laini, kisha zinasimamishwa zikauke. Bosi wangu hupanga bei na mimi hucheza kila sahani mwanzo mpaka mwisho kabla haijapewa daraja, kwa sababu macho hudanganya. Iko sahani inayong'aa kama mpya lakini ikianza kuzunguka inakwaruza kila herufi ya "s" anayoitamka mwimbaji.

Saa nne na nusu

Akaingia mwanamke wa makamo amebeba sanduku la mbao la kubebea sahani ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Baba yake alifariki mwezi wa pili. Akaliweka juu ya kaunta akauliza kama zina thamani yoyote.

Wauzaji wengi hapo hufungua sanduku na kuanza kuhesabu pauni. Mimi huanza na maswali. Baba alikuwa anafanya kazi gani? Alikuwa anacheza wapi? Nani alikuwa anampa lifti? Aliyekuja na mzigo kwa kawaida anajua mambo mengi kuliko anavyodhani, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Huyu mama alijua kwamba baba yake alikuwa fundi wa mitambo, kwamba Jumapili asubuhi alikuwa anarudi nyumbani shati limelowa chepechepe, na kwamba mama yake alikuwa anampikia mayai bila kumsemesha.

Ndani ya mfuniko kulikuwa na kadi ya uanachama ya Wigan Casino, ukumbi maarufu wa dansi la soul, kopo la poda, na nembo kadhaa za kitambaa zilizofumuliwa kutoka kwenye mkoba, mojawapo ikiwa na ile ngumi nyeusi, alama ya Northern Soul. Halafu sahani zenyewe, zimepangwa kwa majina ya lebo, yaani kampuni zilizozitoa.

Nikatoa moja ya Kimarekani. Ukiigonga kwa ukucha inatoa mlio mkali, mkavu, si ule mzito wa vinili, plastiki ya sahani za kawaida. Hiyo ni stirini, plastiki ngumu ambayo viwanda vingi vya Marekani viliitumia kwa sahani ndogo kwa kuwa ni rahisi. Lebo yake ya karatasi hugundishwa juu baada ya sahani kutoka kwenye kalibu, ndiyo maana ukingo wake unaweza kuuhisi kwa kidole. Nikaiinamisha kwenye taa: pale kwenye sehemu tupu kati ya mifereji na lebo kuna pembetatu ndogo na namba zilizochorwa kwa mkono. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Monarch, Los Angeles. Nikaipiga. Sekunde za mwanzo zina mvumo kama wa mchanga, kisha wimbo unatoka safi kabisa. Huo mvumo ni kovu la redioni. Mtangazaji anaiweka sindano mwanzoni mwa wimbo, anaizungusha sahani mbele na nyuma apate mahali pa kuanzia, na stirini hailivumilii jambo hilo. Kwa hiyo kabla ya kufika kwa fundi wa mitambo wa Lancashire, sahani hii ilipita mikononi mwa mtangazaji fulani Marekani. Ushahidi umo mle mle kwenye mifereji.

Iliyonikalisha chini ilikuwa ya mwisho sandukuni. Lebo zake zote mbili zimefunikwa kwa karatasi nyeupe, na juu ya karatasi, kwa wino wa buluu uliopauka, limeandikwa jina la mwimbaji ambaye hajawahi kuzaliwa. Hiyo ilikuwa desturi ya DJ wa miaka ile. Ukipata wimbo ambao hakuna mwingine anao, unaficha jina lake halisi ili wapinzani wasiutafute, na wacheza dansi wanakufuata wewe wiki baada ya wiki. Hata wimbo wa Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)", uliwahi kusambaa kwa jina la Eddie Foster.

Mama yule akainua kucha kutaka kuibandua karatasi. Nikamwomba sana asiibandue. Namba zilizochongwa pembeni zinatosha kunijulisha ni wimbo gani, na nimeshaujua. Siutaji hapa kwa kuwa sahani ni ya watu na bado hawajaamua la kufanya nayo. Lakini ile karatasi ndiyo yenye habari. Ukiitoa unabaki na sahani ambayo wengine nao wanayo. Ukiiacha una usiku fulani, ukumbi fulani, na mkono wa mtu aliyeandika. Nikamwambia jioni kuna dansi kilomita chache kutoka hapa, aje na sanduku lake. Wazee watakuwepo.

Saa sita mchana

Nilinunua pai ya nyama, maana huwezi kufanya kazi Wigan ukakwepa pai, nikatembea hadi Grand Arcade. Ni jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 2007, na mahali lilipo ndipo ilipokuwa Casino: ukumbi wa zamani wa dansi ambao mikesha yake ya soul ilianza tarehe 23 Septemba 1973 na kuisha tarehe 6 Desemba 1981. Moto uliunguza jengo mwaka 1982 na mwaka uliofuata likabomolewa. Milango ilikuwa inafunguliwa usiku wa manane, pombe haiuzwi, na watu wanacheza hadi saa mbili asubuhi. Kabla ya taa kuwashwa zilipigwa sahani tatu zile zile za kufungia: ya Tobi Legend, ya Jimmy Radcliffe na ya Dean Parrish. Dean Parrish, kijana wa Brooklyn, alirekodi wimbo wake mwaka 1967 ukapita kimya, akaishi miaka na mikaka bila kujua kwamba ng'ambo ya bahari maelfu wanaufungia usiku kwa sauti yake. Alipojua alikuja kuwaimbia.

Nikiwa kwenye benchi nikampigia mjomba Dar.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Bado uko na masahani yako?"

Nilipomweleza habari za sanduku akachangamka. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa soul, suruali bagi na shati la kubana, enzi James Brown akitikisa mji. Kisha mwaka 1969 ukaja. Januari Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana dhidi ya vimini na suruali za kubana, na Novemba mkoa ukapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, kwamba ni utamaduni wa kigeni unaopotosha vijana. "Tulikuwa tunacheza ndani, madirisha yamefungwa," akasema. "Sasa hao Wazungu wako, nani aliwakataza?" Nikamwambia nao walifungiwa. Klabu ya Torch pale Tunstall, Stoke-on-Trent, ilifungwa mwaka 1973 baada ya kunyimwa leseni. Akacheka, akauliza kama kuna anayecheza vizuri kuliko yeye. Nikamwambia hakuna.

Saa nane mchana

Huu ndio muda wa wazee wa Jumamosi. Hawaji kununua tu. Wanakuja kuulizana nani amelazwa, nani amepata nini kwenye mnada, dansi la mwezi ujao liko wapi. Leo mada ilikuwa bei. Sahani ya Frank Wilson iliyotengenezwa mwaka 1965 kwa lebo ya Soul ya Motown haikuwahi kuingia madukani. Nakala za majaribio karibu zote ziliharibiwa, na Wilson mwenyewe akachagua kubaki mtunzi na mtayarishaji. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa pauni 25,742, na mwaka 2020 bei ikapita pauni 100,000. Mzee mmoja anaona ni fahari. Mwingine anaona ni msiba, kwamba muziki wa vibarua umegeuka kuwa kitu cha matajiri.

Katikati ya ubishi akaingia binti wa miaka kama kumi na tisa na rafiki yake, wanatafuta "Tainted Love" ya Gloria Jones. Walikuwa wanaujua wimbo kupitia kundi la Soft Cell, waliofika nao namba moja Uingereza mwaka 1981. Nikawawekea ya Gloria, ya katikati ya miaka ya 1960, iliyotolewa upande wa pili wa sahani na ambayo Marekani hawakuijali. Hazikupita sekunde kumi miguu ikaanza. Wakanunua nakala mpya iliyochapishwa upya, na mzee mmoja akaguna.

Hapo nina msimamo wangu. Ni kweli kwamba katika kumbi kubwa sheria ni sahani halisi za enzi zile tu, na naiheshimu, kwa sababu nakala bandia za miaka ya 1970 ziliwaibia waimbaji mchana kweupe. Lakini sahani halisi ya pauni elfu moja inayotoka kwa mkusanyaji mmoja kwenda kwa mwingine haimpi mwimbaji hata senti. Kampuni zinazochapisha upya kwa leseni, kama Kent iliyoanza mwaka 1982, ndizo zinazoweza kumpelekea mrabaha bibi wa Detroit aliye hai. Basi binti anayenunua nakala halali nampigia makofi. Nikamwambia mzee hivyo hivyo. Akanyamaza, kisha akaenda kumwelekeza yule binti viatu vya soli ya ngozi vinapopatikana.

Saa kumi jioni

Vifurushi: viwili Japani, kimoja Hispania, vingine humu humu. Kila sahani inatolewa kwenye mfuko wake na kuwekwa nyuma yake ili isiupasue ikitikiswa njiani, kisha kadibodi mbili, na utepe wa gundi kila pembe.

Saa mbili na nusu usiku

Klabu ya wafanyakazi, dari fupi, bia bei poa, tangazo mlangoni linalokataza poda sakafuni. Zamani poda ilimwagwa ili soli ziteleze. Siku hizi wenye kumbi wanaogopa watu kuvunjika nyonga. Kila mtu anacheza peke yake, hakuna anayesubiri kualikwa. Hatua za pembeni, bega limelegea, na ngoma inapokatika ukumbi mzima unapiga kofi moja kwa wakati mmoja. Mzee aliyeingia na fimbo ameiegemeza ukutani.

Mama wa sanduku alikuja. Nikamkalisha na wazee watatu, tukafungua mfuniko. Wa kwanza alitambua picha ya kwenye kadi kabla hajasoma jina. "Huyu! Alikuwa anakaa upande wa kushoto wa jukwaa." Yule mama alisikia kwa mara ya kwanza kwamba baba yake alikuwa anabeba maji ya chupa kuwagawia wageni, na kwamba kijana mmoja alipozimia ukumbini yeye ndiye aliyemtoa nje mgongoni.

Ile yenye karatasi nyeupe ilipita mkono kwa mkono. Mzee wa tatu aliyatazama maandishi akasema ni mwandiko wa kaka yake, aliyekuwa akipiga sahani kwenye kumbi ndogo kabla ya Casino kufunguliwa, na kwamba aliiuza alipohamia Kanada kufuata kazi. Niliandika yote kwenye daftari: nani, wapi, alimuuzia nani. DJ akakubali kuipiga bila kutangaza jina. Wawili kati ya wale watatu walisimama kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Saa sita kasoro usiku

Tulielewana nje, kwenye maegesho. Kadi ya Casino na sahani iliyofunikwa anabaki nazo. Zilizobaki ametuachia tuziuze kwa sharti moja: kila mfuko uandikwe jina la baba yake na ukumbi aliokuwa akiucheza. Bosi ameridhia kwa simu. Jumatatu naanza na zile za Detroit, kwa sababu tayari kuna mtu Stoke anaziulizia.