Bongo yangu ya petroli

Gari langu la kwanza hapa London nililinunua kwa ajili ya jina. Mazda Bongo Friendee ya mwaka 1997, used kutoka Japani kama magari yetu mengi kule nyumbani, na nyuma limeandikwa Bongo. Mtu aliyekulia Temeke alione neno hilo kwenye mvua ya Catford, kisha alipite? Injini ilikuwa dizeli, lita 2.5 yenye tabo. Lilibeba masufuria yangu ya pilau hadi kumbi za harusi za Croydon, na mafuta lilikuwa linanusa tu.

Tarehe 29 Agosti 2023 kanda ya ULEZ, eneo ambamo gari lenye moshi mchafu hutozwa ada, ikatanuliwa, ikameza London nzima. Mimi naishi kusini ya barabara ya South Circular. Tangu 2021 mpaka ulikuwa unaishia huko barabarani. Siku hiyo ukanikuta mlangoni. Dizeli isiyofikia Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, inalipa pauni 12.50 kila siku inapotembea, saa 24, isipokuwa Krismasi. Petroli inatakiwa kufikia Euro 4 tu. Kwa kazi zangu za siku nne kwa wiki, hizo ni pauni 50 kabla sijanunua hata mchele.

Majirani wengi walikasirika. Mimi nilishindwa kukasirika. Msichana Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi hapa hapa Lewisham, karibu na South Circular hiyo hiyo. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 9, anaugua pumu, na Desemba 2020 uchunguzi wa kifo chake ukaamua kuwa hewa chafu ilichangia. Mwanangu naye ana pumu. Asubuhi za baridi nilipowasha dizeli ile, moshi ulipanda ukutani hadi dirishani kwake.

Wajapani walianza kupambana na dizeli zamani. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi akitikisa chupa ya masizi ya dizeli, na Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yakapigwa marufuku jijini. Dizeli kuukuu zikapanda meli. Nilikataa langu lipande meli tena likatoe moshi Kariakoo. Nikalipeleka likakatwe chuma kwa mpango wa jiji la London, nikalipwa pauni 2,000.

Nikanunua Bongo nyingine, ya 2003, petroli lita 2.0. Hapa ndipo pana kazi. Ukiingiza namba ya gari mtandaoni kuangalia kama linadaiwa ULEZ, jibu linatokana na kilichoandikwa kwenye kadi ya gari. Gari la Kijapani lilipimwa kwa viwango vya kwao, kwa hiyo kwenye kadi ya Uingereza nafasi ya hewa chafu mara nyingi iko wazi, na likiwa la kabla ya 2006 unaambiwa ulipe hata kama injini ni safi. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba oksidi za nitrojeni hazizidi gramu 0.08 kwa kilomita.

Nililipeleka kwenye gereji yenye mashine ya kupima. Kwanza fundi wangu alibadilisha plagi, oili na sensa ya oksijeni, halafu nikaliendesha nusu saa ili katalitiki, kile kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi, ipate moto. Ikiwa baridi haisafishi inavyotakiwa. Likasoma 0.04. Nilituma cheti pamoja na picha ya kadi kwa wanaosimamia ULEZ, na hadi rekodi iliporekebishwa niliendelea kulipa kila siku niliyotoka.

Mafuta nayo yana mambo. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inavuta maji, na mipira na sili za zamani haizipendi. Gari langu likikosa kazi hulala wiki mbili au tatu, kwa hiyo naweka E5, ile ya super yenye ethanoli kidogo. Ni ghali zaidi, na gari hili linakunywa mafuta kuliko dizeli yangu ya kwanza. Bado haifiki pauni 50 kwa wiki.

Ukitaka kununua gari la Kijapani kama hili, muuzaji akikwambia "ni petroli, halina shida," mwambie akuonyeshe cheti cha kipimo kabla ya kutoa hata senti ya kishika gari. Kama hana, mkubaliane likapimwe kwanza, na gharama ya kipimo itoke kwenye bei yake.