Mke Wangu Mwandishi, Ambaye Ni Mimi

Mhariri mmoja aliyepitia miswada yangu alinishauri nichague moja, upelelezi au mapenzi, kwa madai kwamba msomaji hununua jina la mwandishi kama anavyonunua sabuni, na hapendi kukuta harufu imebadilika. Ushauri huo unanikera hadi leo. Shaaban Robert aliandika mashairi, riwaya, insha na hata wasifu wa Siti binti Saad, vyote kwa jina lake lile lile.

Jina la pili, la kuandikia mapenzi, nililitafuta kwa sababu nyingine: wasomaji wangu wamezoea maiti katika ukurasa wa kwanza, na ningewapa riwaya ya mapenzi wangengoja mauaji hadi mwisho. Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, naye alitoa riwaya 6 zisizo za upelelezi kwa jina la Mary Westmacott, ya kwanza mwaka 1930. Basi nikajipa jina la kike, nikaanza kuuza sura moja moja kwenye makundi ya WhatsApp.

Hakuna aliyenionya kwamba anayetuma fedha kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kama lilivyosajiliwa. Mnunuzi wa kwanza akauliza mbele ya kundi zima: "Dada, mbona hela inakwenda kwa mwanamume?" Nikajibu kuwa huyo ni mume wangu. Jibu liliwaridhisha kupita kiasi, kwani walianza kumtumia shemeji salamu, na mama mmoja aliyelitambua jina akanisihi nimshauri aachane na vitabu vya mauaji, aige mfano wa mkewe. Nilimwahidi kwamba nitazungumza naye.

Baadaye nilisajili jina la biashara na kuchukua lipa namba, gharama ambayo mauzo ya sura chache yaliirudisha, na sasa mnunuzi huona jina la duka tu. Mkataba wa uchapishaji, hata hivyo, nausaini kwa jina la kitambulisho, na jina la jaladani hutajwa katika kifungu chake.

Kazi kubwa ilikuwa kuuficha mkono wenyewe. Wahusika wangu wa upelelezi hukohoa kidogo kabla ya kusema uongo, na nilipokitafuta kikohozi hicho katika mswada wa mapenzi kwa kompyuta, nikakuta bwana harusi, mshenga na shangazi wote wanakohoa. Niliwaponya mmoja mmoja. Riwaya hiyo inauzika kuliko maiti zangu zote.