Naitrana wa ploti yetu

Mwezi uliopita ploti yetu hapa Kangemi ilipata mchawi. Si mimi nasema, ni mama wa namba 4, na huyo mama akisema kitu kwa bomba saa kumi na mbili asubuhi, saa moja hata muuza mandazi wa nje ya geti anajua.

Stori ilikuwa hivi: usiku wa manane, saa nane hivi, kuna vijiwe vinarushwa juu ya mabati. Ko! Kimya. Ko! Halafu nyayo za mtu hana viatu, halafu paka analia. Kuna jirani akachungulia kwa pazia akaona mwanaume hana shati. Hapo kesi ikaisha, ni naitrana.

Kama hujakulia magharibi wacha nikueleze, naitrana, wenyewe Waluo wanamwita jajuok, ni yule mtu anakimbia usiku uchi, anarusha mchanga na mawe juu ya nyumba za watu, anasugua mlango wako na matako, na asubuhi anakusalimia vizuri kabisa anakuuliza watoto wameamkaje. Haibi kitu. Raha yake ni wewe uogope tu.

Keretaka, msimamizi wa ploti, akaitisha mkutano Jumapili. Kila nyumba itoe mia mbili tuletewe mganga, ile namba ya simu imebandikwa kwa posti ya stima, mapenzi, kesi, mali iliyopotea, zote anatibu. Mimi na ujuaji wangu nikasema ngoja kwanza nisome sheria.

Na sheria iko, wasee! Wakoloni walianza kuandika ya uchawi 1909, wakairekebisha, na hii tuko nayo mpaka leo ni ya 1925, sura ya 67. Ukijifanya una nguvu za giza za kutisha watu, miaka hadi 10 ndani. Kinachonichekesha ni vile Mzungu alichanganya mganga na mchawi akawapa jina moja, kama mtu ashike daktari na ugonjwa awafunge seli moja. Lakini kifungu kilichonishika ni kile cha kumwita mwenzako mchawi, hiyo pekee ni miaka hadi 5, isipokuwa umepeleka kwa polisi ama chifu. Na si mchezo, 1932 korti ya hapa Nairobi iliwahukumu Wakamba 60 kunyongwa kwa kuua mama mmoja waliyesema ni mchawi, ingawa mwishowe hawakunyongwa.

Sasa Jumapili nimekaa juu ya mtungi wangu nasikiliza, simu mkononi, niko tayari kuwasomesha. Mama wa namba 4 akasimama kuigiza ile sauti. "Inaanza ko... ko... halafu, du."

Du.

Jasho likanitoka. Hiyo du naijua. Tenki letu liko juu ya stendi na ngazi iliibwa, so Jumatano usiku mgao wa maji ukikuja mimi huamka narusha kijiwe kwa tenki nisikie kama limejaa. Likiwa tupu inalia ko, likijaa inalia du. Na giza hilo ukikosa tenki, kijiwe kinaenda moja kwa moja kwa mabati ya namba 4. Shati sivai juu mtungi huniloesha, slipas sivai juu sitaki kuamsha watu (eti sitaki kuamsha watu!), na yule paka si wangu, hunifuata tu juu ya omena.

Nikasimama nikasoma kile kifungu cha miaka 5 kwa sauti kubwa kuliko ile ilihitajika. Watu wakanyamaza. Mama wa namba 4 akauliza, "Kwani yeye akimbie uchi, tufungwe sisi?" Keretaka akasema basi mambo ya mganga tuwache, tuombe, na mia mbili zetu zinunue taa ya kumulika pale kwa tenki.

Taa imewekwa, mawe yamekoma, ploti nzima inasema ni maombi. Alhamisi iliyopita nikapatana na mama wa namba 4 kwa bomba, mtungi wangu ukiwa mkavu. Akauangalia, akaniangalia.

"Kijana yangu, siku hizi mbona huamki kuteka maji usiku?"