Kwa nini "solution" hufuatwa na "to"

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alinijia na insha yake ya Kiingereza ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Alikuwa ameandika kuhusu takataka zinazorundikana mtaani kwao Umoja, na katika sentensi "we have not found the solution of this problem" mwalimu alikuwa amekata "of" akaandika "to" juu yake, pasipo maelezo yoyote. "Mjomba," akaniuliza, "mbona kwenye kitabu cha hesabu wameandika 'the solution of the equation' na hakuna aliyewakosoa?" Swali hilo lilikuwa bora kuliko jibu nililompa siku hiyo. Nimelifikiria wiki nzima, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri ripoti hapa Nairobi, na katika sarufi nzima ya Kiingereza hakuna jambo linalonichukulia muda kama vihusishi vinavyofuata nomino, yaani maneno madogo kama "of" na "to".

Niliona afadhali nianzie kwetu. Kiswahili kina a-unganifu, yaani "ya", "wa", "la" na ndugu zake, na kihusishi hicho kimoja hufanya kazi ambayo Kiingereza kimewagawia watumishi wengi. Chai ya maziwa ni chai iliyotiwa maziwa, dawa ya malaria ni ya kuitibu malaria wala si ya kuileta, tiketi ya Kisumu ni ya kumfikisha msafiri Kisumu, na mtu wa Nyeri ametoka Nyeri. Barabara ya Mombasa inaelekea Mombasa na Barabara ya Ngong inaelekea Ngong, ilhali Barabara ya Moi imepewa jina hilo kwa heshima ya rais wa pili wa Kenya, na hakuna anayeuliza, kwa sababu msikilizaji huujaza uhusiano huo kutokana na anavyoujua ulimwengu. Mwingereza hakuachii nafasi hiyo. Atasema "tea with milk", "medicine for malaria", "a ticket to Kisumu" na "a man from Nyeri", na kila mara kihusishi kitakuwa kimetamka waziwazi jambo ambalo sisi tunalielewa bila kulitamka. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili hutafuta neno moja la Kiingereza litakalolingana na "ya", hulipata katika "of", kisha hulitumia kila mahali.

Hata hiyo "of" yenyewe haikuzaliwa ikiwa na kazi ya kumilikisha. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vya mwishoni mwa nomino vilivyoonyesha uhusiano wa neno moja na jingine, na viambishi hivyo vilipopukutika, hasa katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormandi wa mwaka 1066, mzigo wao ulihamia kwa vihusishi. Maneno "of" na "off" yalikuwa neno moja, na maana yake ilikuwa kutoka au kuondoka mahali. Matumizi yake ya umilikaji yalipanuka baadaye, yakichochewa na "de" ya Kifaransa.

Sasa nirudi kwa "solution". Katika hesabu, jibu ni mali ya mlinganyo wenyewe, yaani ni thamani inayokaa ndani yake tangu mwanzo, kwa hiyo "the solution of the equation" inaeleweka, ingawa "to" pia hukubalika. Vilevile katika maandishi rasmi mtu anaweza kusema "the solution of the problem" akimaanisha tendo la kulitatua. Lakini mpwa wangu alizungumzia dawa ya tatizo, kitu kinachotoka nje na kulielekea, na kwa maana hiyo neno hilo huandamana na ndugu zake "answer", "reply", "key" na "response", ambazo zote huchukua "to". Mwalimu alikuwa sahihi. Natamani tu angeandika mstari mmoja zaidi pembeni.

Undugu huo wa maana husaidia sana, ingawa haumalizi kazi. Nomino za kutaka na kuhitaji hupenda "for": "demand", "need", "request", "thirst", "search". Nomino za jambo linalokiangukia kingine au kukikandamiza hupenda "on": "effect", "impact", "tax", "ban", "attack", "pressure". Hapo mwanafunzi hufurahi, kisha hukutana na "cause of" iliyo karibu kabisa na "reason for", au "cure for" kando ya "solution to", akaona kwamba kuna mahali ambapo lazima akariri. Mwaka 1986 Morton Benson, Evelyn Benson na Robert Ilson walichapisha kamusi ya maneno ya Kiingereza yanayoandamana, na kundi la kwanza kabisa katika mpangilio wao wa miundo ya kisarufi ni nomino inayofuatwa na kihusishi. Nomino zinazofuatwa na "of" waliziacha nyingi, kwa kuwa kanuni ya jumla inatosha kuzibashiri. Zilizobaki walilazimika kuziorodhesha moja moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatokana na bei ya unga. Kwa Kiswahili tunasema ongezeko la bei na pia ongezeko la shilingi kumi, na kihusishi ni kilekile. Kwa Kiingereza ni "an increase in prices" lakini "an increase of ten shillings", kwa sababu "in" hutaja kitu kilichopanda na "of" hutaja kiasi kilichopandia. Ukiandika "an increase of prices" msomaji atakuelewa, ila ataona kwamba kuna mkono mgeni katika sentensi. "Rise", "fall", "drop" na "reduction" hufuata mtindo huohuo, kwa hiyo anayeshika moja amezishika tano.

Kosa la kihusishi haliishii kwenye ladha ya lugha tu. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri ripoti ya mradi wa kilimo, na maneno "msaada wa wakulima" nikayaandika "the assistance of farmers". Katika Kiswahili, yeyote aliyesoma ripoti ile angejua kwamba wakulima ndio waliosaidiwa. Wasomaji wa Kiingereza walielewa kwamba wakulima ndio waliotoa msaada, na barua ilirudi ikiuliza walichangia kitu gani. Ilipasa niandike "assistance to farmers". Tangu siku hiyo, hata katika Kiswahili changu, huandika "msaada kwa wakulima" pale ambapo mwelekeo unaweza kupotea, kama vile tunavyosema "shambulio dhidi ya wanajeshi" ili isidhaniwe kwamba wanajeshi ndio walioshambulia.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa tulitazame kwa haki zaidi. Katika mikutano ya ofisi za Nairobi utasikia mara nyingi "let us discuss about the budget", "we requested for more time" na "I want to emphasise on this point". Wengi husema kwamba lugha zetu ndizo zinazotuponza. Sikubaliani nao, angalau kwa upande wa Kiswahili, kwa maana sisi husema kujadili bajeti, kuomba muda na kusisitiza jambo, bila kihusishi chochote, sawasawa kabisa na Kiingereza sanifu kinavyotaka. Ninavyoona mimi, kihusishi hicho kimetoka ndani ya Kiingereza chenyewe, upande wa nomino. Mtu amezoea kusoma "a discussion about", "a request for" na "emphasis on", na anapogeuza nomino kuwa kitenzi huondoka na kihusishi chake, ilhali kitenzi hakikihitaji. Ndivyo ilivyo pia kwa "answer" na "visit", ambazo zikiwa vitenzi hushika yambwa (kitu kinachotendwa) moja kwa moja, lakini zikiwa nomino hudai "to": "she visited the clinic", ila "her visit to the clinic". Kosa la namna hiyo huonyesha kwamba msemaji amesoma Kiingereza kingi na amezikariri nomino zake vizuri; kinachobaki ni kumwonyesha mpaka ulipo. Nyakati nyingine mpaka huo huenda pamoja na badiliko la kihusishi chenyewe, kwa kuwa aliye "proud of" watoto wake ana "pride in" wao, na aliye "fond of" muziki ana "fondness for" muziki.

Lipo eneo moja ambalo Kiswahili ndicho kinachobainisha na Kiingereza ndicho kinachomwachia msikilizaji kazi. Sentensi "I saw the man with binoculars" haisemi nani alikuwa na darubini, kwa sababu kirai "with binoculars" kinaweza kushikamana na nomino iliyo jirani au kuruka hadi kwenye kitenzi. Sisi hulazimika kuchagua tangu mwanzo: nilimwona mtu mwenye darubini, au nilimwona mtu kwa darubini. Tena ngeli zetu huonyesha kila kirai kinashikamana na nomino ipi. Barua ya mwalimu ya jana ni barua iliyokuja jana. Barua ya mwalimu wa jana ni ya yule mwalimu aliyekuwapo jana. Gari la jirani lenye kelele na gari la jirani mwenye kelele ni malalamiko mawili tofauti, na silabi chache tu ndizo zinazoyatenganisha. Upatanisho huo hushindwa pale nomino zote mbili zinapokuwa za ngeli moja, kama katika "mtoto wa jirani mwenye mwavuli", na hapo sisi pia tunabaki na maana mbili, kama zile ambazo wanafunzi huombwa wazieleze katika mtihani wa Kiswahili.

Nilimshauri mpwa wangu asiandike tena nomino ya Kiingereza peke yake katika daftari lake la msamiati, bali aandike "access to", "interest in", "damage to", "respect for", kila moja ikiwa na mkia wake na sentensi fupi kuhusu mtaa wao, kwa kuwa sentensi ya takataka za Umoja haitamtoka kichwani upesi. Jana usiku alinitumia ujumbe. Alikuwa amekutana na "with respect to" katika notisi ya shule, na akataka kujua heshima imekwenda wapi, maana maneno yaliyofuata yalihusu karo. Nimemwandikia kwamba hapo nomino imeshikwa na vihusishi pande zote mbili hadi ikapoteza maana yake ya kawaida, na kirai kizima kikawa na maana ya "kuhusu" tu. Amejibu kwamba ataiandika kwenye ukurasa wake wenyewe, mbali na "respect for".