Hii na Ile

Jumatatu, katikati ya kipindi cha hisabati, mwanafunzi wangu asiyeona alinyoosha mkono akauliza kwa upole, bila lawama yoyote, "Mwalimu, hii ni ipi, na ile ni ipi?" Nilikuwa nimetoka kusema, huku nikigonga ubao kwa chaki, kwamba tukijumlisha hii na ile tutapata hii hapa. Wenzake wote walikuwa wameshaandika jibu, na hapo ndipo nilipotambua kwamba muhula mzima nimekuwa nikimfundisha kwa kidole.

Niliona haya, kwa kuwa mimi ndiye huwa mstari wa mbele kuisifia elimu jumuishi kila panapofanyika kikao. Nilidhani nimemaliza kazi alipopata vitabu vya nukta nundu na dawati la mbele (dawati la mbele karibu na ubao asiouona, sijui nilitarajia nini). Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inataka mwanafunzi asitengwe na mfumo wa jumla wa elimu kwa sababu ya ulemavu wake, na afanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake. Siku zote nimeisoma kana kwamba inahusu ngazi, milango na vifaa tu, kumbe inaugusa hata ulimi wangu.

Leo nimefundisha pembetatu kwa namna nyingine. Usiku wa jana nilibandika uzi kwa gundi juu ya karatasi ngumu, nikafunga fundo moja kwenye pembe A, mawili kwenye B na matatu kwenye C, kisha nikatengeneza nakala za kutosha darasa zima, ili kifaa kisiwe chake peke yake. Alipitisha vidole polepole, akarudi kwenye mafundo mawili, akasema kwamba B ni pembe butu. Wenzake wakabisha kwamba ni pembe mraba, yaani ya digrii 90, maana ndivyo ilivyoonekana kwa macho. Tulipoipima tukapata digrii 97.

Jambo la pili nimejifunza nje ya darasa. Yupo mwenzake ambaye kwa nia njema kabisa humshika mkono na kumvuta kila kengele inapolia, na leo nimemsikia akiambiwa, "Usinivute, nipe kiwiko chako." Akakishika kwa juu kidogo, akatembea nusu hatua nyuma yake, na walipofika kwenye ngazi mwenzake hakuhitaji kusema neno, kwa kuwa mwili wa anayetangulia ukishuka, anayefuata huhisi. Sisi wawili tulikuwa hatujui hilo, na wala hatukuwahi kumuuliza. Nadhani kusimama na mtu huanzia kwenye swali dogo kama hilo, ingawa wengi wetu hukimbilia kumjibia hata anapoulizwa jina lake.

Kuhusu ulimi wangu, darasa limejipa kazi ya kunisimamia: nikiteleza na kusema "hii", wote huitikia kwa pamoja, "Ipi?" Leo wameitikia mara tisa. Muhula ujao tunampokea mwanafunzi kiziwi anayesoma midomo, nami bado nina mazoea ya kueleza huku nikiandika ubaoni, darasa nikiwa nimelipa mgongo.