Nilivyonasa hewa ukaa ya jenereta kwa punje za zeolaiti

Nafundisha vijana wa chumba cha injini hapa Dar es Salaam. Mwaka 2023 IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, ilipanga meli zifikie sifuri halisi ya gesi joto, yaani kwa jumla zisiongeze gesi hizo angani, ifikapo 2050 au karibu na hapo. Kila darasa huniuliza: meli zilizokwisha kujengwa, zinazokula mafuta mazito, zifanyweje? Njia mojawapo ni kuinasa hewa ukaa kwenye bomba la moshi, na nilitaka waione ikinaswa mbele yao.

Zeolaiti ni madini yenye vitundu vidogo mno, na hewa ukaa hung'ang'ania ndani yake kuliko naitrojeni. Nilizipata punje zake kwa fundi wa vifaa vya hospitali, kwa sababu mashine za kukoleza oksijeni huzitumia, na mashine ikichoka hutupwa nazo.

"Mwalimu, hizo zimeshakufa, zimekunywa unyevu," akaniambia.

Kweli zilikuwa zimekunywa, ila joto huzifufua. Mchomeleaji mmoja wa Kurasini alinikubalia oveni yake ya kukaushia vijiti vya kuchomelea. Zikalala humo kwenye nyuzi joto 300, asubuhi nikazifungia kwenye kopo la bati kabla hewa ya pwani haijazifikia.

Kazi kubwa ilikuwa kuukausha moshi. Dizeli ikiungua hutoa mvuke mwingi, na maji yakitangulia kwenye vitundu, hewa ukaa haipati nafasi. Kwa hiyo moshi wa jenereta niliupitisha kwanza kwenye maji yachukue masizi, kisha kwenye koili ya shaba ya friji bovu niliyoizamisha kwenye ndoo ya barafu, halafu kwenye silika jeli, punje zinazofyonza unyevu, ndipo ukaingia kwenye mrija wa zeolaiti. Mwishoni niliweka gilasi ya maji ya chokaa yaliyochujwa, maana hewa ukaa huyageuza kuwa meupe kama tui.

Tulipouondoa mrija wa zeolaiti, chokaa kilibadilika mara moja. Tulipourudisha, maji yalibaki maangavu, vijana wameinama wote juu ya gilasi, mpaka punje ziliposhiba na weupe ukaanza kujitokeza taratibu. Nikauzungushia mrija waya wa hita, nikasukuma hewa kavu kidogo: gesi iliyonaswa ikatoka na kuchafua gilasi mpya. Kwangu hilo ndilo jaribio lenyewe, kwa sababu kinachonasa bila kuachia kingejaza meli punje zilizoshiba.

Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, na ikishatoka inawekwa wapi?" Tukakokotoa ubaoni. Tani moja ya mafuta mazito hutoa takriban tani 3.1 za hewa ukaa, kwa kuwa oksijeni ya hewani huongeza uzito. Meli inayochoma tani 30 kwa siku, ikiinasa yote, ingebeba zaidi ya tani 90 kila siku, zigandamizwe na kupoozwa ziwe kimiminika, na kompresa nayo hula mafuta. Kisha lazima bandari iwe na matangi ya kuipokea. Nawaambia wazi kwamba hapo ndipo wahandisi wanahitajika, kuliko kwenye punje.

Mwaka 2025 Kitagawa, Robson na Yaghi walipewa Nobeli ya Kemia kwa fremu za metali na molekuli za kikaboni, nazo zina vitundu kama zeolaiti, na baadhi yake huvumilia unyevu. Hizo sina. Ninachoandaa sasa ni mkaa amilifu, yaani mkaa uliofanywa uwe na vitundu vingi, wa vifuu vya nazi: hushika kidogo kuliko zeolaiti hewa ukaa ikiwa haba kwenye moshi, lakini hauogopi sana maji na huachia gesi kwa joto dogo, joto ambalo injini ya meli hulitupa bure.